SOMO LA AFYA: Mjamzito Anapojinyima Chakula au Anaposhindwa Kuacha Kula Mawe

Mwanamke akishika mimba, washauri huwa wengi: mama mkwe, mkunga, shoga wa kisimani, dada aliye mjini. Mengi wanayomwambia ni mema. Lakini yako mambo mawili ambayo mara nyingi hufanywa kimya kimya, bila muuguzi kuambiwa. La kwanza ni kupunguza chakula makusudi ili mtoto awe mdogo na atoke kwa urahisi. La pili ni kula udongo, majivu, mchele mbichi au mawe laini yanayouzwa sokoni kwa jina la odowa.

Somo hili ni la wakazi wa Kipsing na wadi nzima ya Oldonyiro, na la kila boma katika kaunti yetu lenye mjamzito. Ukimaliza kulisoma utaweza kutambua tatizo la ulaji, kueleza hatari yake, na kujua hatua za kuchukua ukiwa nyumbani na ukiwa kliniki.

Tatizo la ulaji ni nini?

Kwanza tutenganishe mambo. Kukosa chakula kwa sababu ya ukame si tatizo la ulaji. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na kina mama wengi walilala njaa bila kupenda. Kichefuchefu cha miezi ya kwanza nacho ni cha kawaida, ingawa mjamzito anayetapika hadi maji hayakai tumboni siku nzima apelekwe hospitali.

Tunazungumzia tatizo la ulaji pale ambapo hofu, mazoea au hamu isiyozuilika inaongoza kinywa cha mtu na kumdhuru. Lina sura tatu kuu:

1. Kujinyima. Chakula kipo, lakini mama anakula kijiko kimoja na kuacha, au anakunywa chai pekee, kwa sababu anaogopa mtoto mkubwa au anaogopa kunenepa.

2. Kujitapisha. Mama anakula, kisha anatia kidole kooni au anakunywa dawa ya miti ili arudishe chakula.

3. Kula visivyo chakula. Hamu ya udongo au odowa inakuwa kubwa kiasi kwamba mtu hawezi kupitisha siku bila kuvitafuna.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayotokana na uchafu, ukaidi au laana. Ni matatizo ya kiafya yanayotibika, na aliye nayo anastahili heshima sawa na mgonjwa mwingine yeyote.

Kwa nini mama hujinyima?

Watafiti wameeleza desturi hii katika jamii nyingi za wafugaji za Kenya na Tanzania, zikiwemo zinazozungumza lugha ya Maa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu kina mama Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania ulieleza jinsi wanavyopunguza chakula mimba inapokua.

Tusiidharau hoja yao. Mama anayeishi mbali na chumba cha upasuaji, mahali ambapo lugga ikijaa gari halipiti, ana sababu ya kuogopa uchungu wa kukwama. Bibi zetu hawakuwa na upasuaji, na kupunguza chakula kulikuwa njia pekee waliyoiona. Swali ni kama njia hiyo inamsaidia.

Mtoto hukwama kwa sababu nyingi: nyonga ya mama kuwa nyembamba, mtoto kukaa vibaya tumboni, au tumbo la uzazi kukosa nguvu ya kusukuma. Njaa haipanui nyonga wala haimgeuzi mtoto aliyekaa vibaya. Inachofanya ni kumnyima mama nguvu anazohitaji siku ile.

Dunia iliwahi kuona jambo hili waziwazi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, magharibi mwa Uholanzi kulikuwa na njaa kali. Watoto ambao mama zao walikosa chakula katika miezi ya mwisho ya mimba walizaliwa wakiwa wepesi kwa takriban gramu 300 kwa wastani. Walipochunguzwa wakiwa watu wazima, ilionekana miili yao ilipata shida zaidi kudhibiti sukari. Njaa ya miezi michache tumboni iliwafuata hadi uzeeni.

Mtoto anayezaliwa na chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Hupoteza joto upesi, hunyonya kwa shida na huambukizwa magonjwa kwa urahisi.

Kwa nini mama hutamani udongo na mawe?

Desturi hii imeenea Afrika Mashariki yote. Katika utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998, asilimia 56 ya wajawazito 275 walisema wanakula udongo mara kwa mara. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mwingine, wa kisiwani Pemba, uliohusisha zaidi ya wajawazito 2,000. Ulionyesha kuwa kula visivyo chakula, pamoja na mchele mbichi, kunaandamana na upungufu wa damu.

Hapo ndipo penye fundo. Mara nyingi mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma ndiye anayetamani udongo. Lakini udongo haumpi damu. Aina nyingi za udongo hushika madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini. Kwa hiyo kadiri anavyokula ndivyo damu inavyozidi kupungua. Zaidi ya hayo, udongo unaweza kubeba mayai ya minyoo, baadhi ya mawe huwa na madini yenye sumu kama risasi, na tumbo hufunga choo.

Mahali njia zote hukutana

Kujinyima, kujitapisha na kula mawe vyote vinaweza kumfikisha mama pale pale: kuingia chumba cha kujifungulia akiwa na damu kidogo. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya kina mama nchini Kenya. Mama mwenye damu ya kutosha anaweza kupoteza kiasi fulani akasimama. Aliyepungukiwa anaweza kuzidiwa na kiasi hicho hicho, hata kama mtoto alikuwa mdogo na alitoka upesi.

Mjamzito anahitaji kipimo cha damu kisichopungua 11. Chini ya hapo ana upungufu. Chini ya 7 hali ni mbaya na anahitaji hospitali mara moja.

Jipime mwenyewe

Jibu kwa ukweli, hata kama ni moyoni mwako tu:

- Je, nimepunguza chakula makusudi tangu nishike mimba?
- Je, ninajitapisha au ninakunywa kitu ili nitapike?
- Je, ninakula udongo, mawe, majivu au mchele mbichi karibu kila siku?
- Je, ninaficha ninachokula au nisichokula?
- Je, ninaishiwa pumzi, ninaona kizunguzungu, au viganja vyangu vimepauka?

Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, mweleze muuguzi. Huhitaji maneno mengi. Sema: "Daktari, ninakula mawe kila siku na nimeshindwa kuacha." Au: "Ninaogopa mtoto mkubwa, kwa hiyo sili." Maneno hayo yanatosha kuanzisha msaada.

Kliniki itakusaidiaje?

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonwe mara nane, kuanzia kabla ya wiki 12. Kliniki utapimwa damu, uzito na mzingo wa mkono. Mkono ulio chini ya sentimita 21 ni dalili ya utapiamlo, na muuguzi atakueleza kuhusu chakula cha nyongeza. Baada ya miezi mitatu ya kwanza unaweza kupewa dawa ya minyoo.

Utapewa pia vidonge vya kuongeza damu, kimoja kwa siku, chenye miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Wapo wanaovitupa wakiamini vinanenepesha mtoto. Kazi ya vidonge hivi ni kujenga damu. Choo kikigeuka cheusi usiogope, ni kawaida. Vikikuletea kichefuchefu, vimeze usiku baada ya kula.

Na ile hofu ya kukwama, ipeleke kliniki pia. Muuguzi ataangalia mtoto amekaaje na historia yako ya uzazi. Kama kuna hatari, utapangiwa mapema kujifungulia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, na unaweza kuhamia kwa jamaa aliye karibu wiki mbili tatu kabla ya siku zako.

Hatua za nyumbani

*Kwa anayejinyima:* Ongeza mlo mmoja mdogo kwa siku. Usianze na sahani kubwa inayokutisha. Uji, maziwa yaliyochemshwa, maharagwe au ndengu, nyama kidogo inapopatikana, na mboga za majani. Kula pamoja na mtu unayemwamini.

*Kwa anayekula mawe:* Usibebe odowa mfukoni wala kwenye kanga. Hamu ikija, subiri robo saa ukifanya kazi nyingine, kwani mara nyingi hupita. Tafuna njugu au mahindi ya kukaanga badala yake. Kama ulikula vipande kumi, leo kula vitano. Hamu hupungua damu inapoongezeka, kwa hiyo usikose vidonge.

*Kwa anayejitapisha:* Usibaki peke yako baada ya kula, na usikawie kumwona muuguzi. Kutapika mara kwa mara humaliza chumvi za mwili zinazouwezesha moyo kupiga sawasawa. Kuongeza kilo 11 hadi 16 katika mimba ni kawaida kwa mwanamke ambaye hakuwa mwembamba sana wala mnene.

*Kwa wote:* Chai huzuia madini ya chuma. Inywe saa moja au mbili mbali na chakula na vidonge. Chungwa, nyanya au ukwaju husaidia mwili kuyapokea.

Wajibu wa familia

Baba wa boma, hakikisha sahani ya mjamzito haiwi ya mwisho, na msindikize kliniki. Mama mkwe, neno lako lina uzito kuliko la daktari. Ukisema "kula, mwanangu", atakula. Mkunga, unayemjua mama anayejificha, mfikishe kwa mhudumu wa afya ya jamii. Tusimcheke wala kumchapa maneno mtu anayekula udongo. Aibu humfanya aendelee kula gizani.

Baada ya kujifungua mfuatilieni mama, kwa maana tatizo la ulaji linaweza kurudi pamoja na huzuni nzito. Akikosa usingizi, akilia bila sababu au akikataa chakula, mrudisheni kituoni.

Maswali ya kujadili katika chama au baraza

1. Katika boma letu, nani huamua mjamzito ale nini na kiasi gani?
2. Tukiwa na hofu ya uchungu kukwama, ni mipango gani ya usafiri tunayoweza kufanya kabla mvua hazijaanza?
3. Tutamwambia nini binti anayekula odowa ili asijifiche?