Kisio, Kadirio na Ahadi: Kukadiria Gharama za Programu kwa Mbinu ya Ajaili

Wahenga walinena: usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Hata hivyo, muundaji wa programu za kompyuta hutakiwa kila mara kutaja gharama ya kitu ambacho umbo lake bado halijajulikana. Makala haya yananuia kueleza jinsi wanaofuata mbinu ya ajaili, yaani ya wepesi wa kubadilika, wanavyolikabili tatizo hilo. Aidha, yanadai kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni ya kilugha: tunachanganya kisio, kadirio na ahadi.

Kisio hutolewa bila kipimo. Kadirio hutokana na kipimo na hukiri upungufu wake. Ahadi humfunga aliyeitoa. Nilijifunza tofauti hii kwa uchungu. Kamati moja ya wanafunzi ilitaka kamusi ya istilahi ya kutumika kwenye kompyuta. Muundaji aliulizwa gharama papo hapo mkutanoni, akakisia. Mimi, nikiwa katibu, nikaiandika tarakimu ile katika bajeti kana kwamba ni ahadi. Mahitaji yalipoongezeka na fedha zikaisha, tulimlaumu kijana wa watu. Kamusi haikukamilika.

Ugumu huu si mgeni. Mwaka 1981, Barry Boehm alionyesha kwamba kadirio la mwanzo kabisa la mradi laweza kuwa mara 4 ya hali halisi, au robo yake. Mwaka 2001, wataalamu 17 waliokutana Utah, Marekani, walitoa ilani ya ajaili inayothamini kuitikia mabadiliko kuliko kuufuata mpango. Katika mbinu hii kazi hufanywa kwa awamu fupi, na kadirio hurekebishwa kadiri kazi inavyoendelea.

Hatua ya kwanza ni kupima ukubwa. Kila hitaji, mathalani kutafuta neno kwa mzizi wake, hulinganishwa na jingine na kupewa alama: 1, 2, 3, 5, 8 au 13. Alama si saa wala shilingi. Ni kama kibaba cha mpima nafaka, kipimo cha kulinganishia. Mwaka 2002, James Grenning alieleza mchezo wa kadi wa kutolea alama hizo. Kila mshiriki huchagua kadi kwa siri, kisha zote hufunuliwa pamoja. Aliyetaja alama ya juu na aliyetaja ya chini hueleza sababu zao, halafu kura hurudiwa. Kwa njia hii sauti ya mkubwa haizimi ya mdogo.

Hatua ya pili ni kupima kasi, yaani jumla ya alama zinazokamilishwa katika awamu moja. Hatua ya tatu ni gharama. Tuchukue mfano wa kubuni: kazi ina alama 120, na awamu moja ya majuma 2 hugharimu shilingi 150,000. Ikiwa kasi iliyoshuhudiwa ni kati ya alama 15 na 24, zitahitajika awamu 5 hadi 8. Gharama basi ni baina ya shilingi 750,000 na 1,200,000. Kila awamu inapokamilika, kasi hupimwa upya na aghalabu pengo hilo hupungua.

Je, mwenye shilingi 900,000 pekee afanyeje? Fedha zake zatosha awamu 6. Na apange mahitaji kwa umuhimu ili yaliyo ya lazima yatangulie. Fedha zikiisha, atakuwa na kamusi ndogo inayofanya kazi.

Kwa kuhitimisha, neno muhimu zaidi katika bajeti ya namna hii ni "baina". Lau ningaliliandika siku ile, pamoja na tarehe ya kadirio na siku ya kulirejelea, tungaliweza kupunguza mahitaji mapema badala ya kumtafuta wa kulaumiwa.