Jiwe la Katanga na Mji wa Hiroshima

Somo letu la mwezi huu ni silaha za atomiki. Wengine husema hayo ni mambo ya wakubwa wa dunia, hayatuhusu sisi watu wa Wete. Lakini tukiifuata asili ya bomu la kwanza lililoangushwa juu ya watu, tunafika Katanga, kusini mwa Kongo, kwa watu wasemao Kiswahili kama sisi.

1. Jiwe lilikotoka

Mwaka 1915 mahali paitwapo Shinkolobwe paligunduliwa madini ya urani. Siku hizo Kongo ilitawaliwa na Ubelgiji, na machimbo yalikuwa ya kampuni ya Union Minière. Tarehe 2 Agosti 1939 mtaalamu Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, kumwarifu kwamba urani yaweza kufanya bomu la nguvu mpya, na kwamba chimbuko lake kubwa ni Kongo. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe hayo, ili Wajerumani wasiyapate. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua, likaagiza na mengine. Kazi yote ilikuwa siri. Waafrika walioyachimba na kuyachagua kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini.

2. Bomu lifanyavyo kazi

Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu, na katikati ya atomu mna kiini. Kiini cha aina moja ya urani kikigongwa na chembe iitwayo nyutroni, hupasuka, hutoa joto, na kurusha nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo zikapasue viini vingine. Ni kama moto katika mapaa ya makuti yaliyokaribiana: ukishika moja, umeshika yote. Tofauti ni kwamba hapa yote hutendeka kabla ya kufumba na kufumbua.

Bomu la Hiroshima liliangushwa tarehe 6 Agosti 1945, saa 2:15 asubuhi. Lilikuwa na kilo 64 hivi za urani, mzigo ambao hamali mmoja wa bandarini kwetu aweza kuuchukua. Iliyopasuka haikufika hata kilo moja, lakini nguvu yake ilikuwa sawa na tani 15,000 za baruti kali. Siku tatu baadaye Nagasaki nayo ilipigwa kwa bomu la plutoni, kitu kitengenezwacho kutokana na urani.

3. Madhara yake

Kwanza ni joto, lililounguza watu na kuwasha nyumba. Pili ni msukumo wa hewa, uliobomoa majengo. Tatu ni mionzi, ambayo haionekani wala hainuki. Watu walioonekana wazima walinyonyoka nywele, wakatokwa na damu, wakafa baada ya siku au majuma. Hadi mwisho wa mwaka 1945 waliokufa wakadiriwa kuwa 140,000 Hiroshima na 70,000 Nagasaki. Miaka iliyofuata saratani ya damu ikaongezeka, hasa kwa wale waliokuwa watoto siku ile.

4. Sauti ya Afrika

Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu la majaribio katika jangwa la Sahara, nchini Algeria. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, pamoja na viongozi wa India, Sweden, Ugiriki, Mexico na Argentina, walizitaka nchi zenye silaha hizi zikome kuzijaribu na kuziunda. Afrika Kusini iliunda mabomu sita, ikayavunja yenyewe, na mwaka 1993 ikautangazia ulimwengu. Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha hizi barani Afrika, ulitiwa sahihi Cairo mwaka 1996 na kuanza nguvu mwaka 2009. Tanzania ni mwanachama. Hata hivyo, leo nchi tisa duniani zinazo silaha hizi, zikadiriwazo kuwa karibu 12,000.

5. Letu sisi

Urani ipo pia nchini mwetu, katika eneo la Mto Mkuju, Wilaya ya Namtumbo. Hatusemi kwamba madini haya ni mabaya, kwa maana hutoa pia umeme. Tunasema kwamba mchimbaji na jirani yake wana haki ya kujua wanachochimba, kinawadhuru vipi, na kinakwenda kwa nani. Watu wa Shinkolobwe walinyimwa haki hiyo.

Tarehe 6 Agosti Kanisa huadhimisha Kugeuka Sura kwa Bwana wetu. Siku hiyo, pamoja na nuru ya mlimani, tuwakumbuke wale walioangukiwa na nuru ya mauti.

Maswali ya kuzungumza

1. Je, asiyeambiwa kazi yake inatumika kufanya nini, ana lawama?
2. Yatupasa kuuliza nini kabla ya kuuza kilichomo ardhini mwetu?
3. Tutawafundishaje watoto habari hizi bila kuwatia hofu tu?