Somo: Historia ya Shinkolobwe iko kwa nani?

Wazee na viongozi wa familia zilizohama, katika somo hili tunajifunza namna ya kutunza historia ya mahali ambapo watu wake wametawanyika. Mfano wetu ni Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga.

Urani ilivumbuliwa huko mwaka wa 1915. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ilianza kuchimba mwaka wa 1921, na kilichotafutwa kwanza kilikuwa radiamu ya kutibu kansa. Vita vilipoanza, mambo yaligeuka. Mwaka wa 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Sehemu kubwa ya urani ambayo Marekani ilitumia katika mradi wa bomu ilitoka hapo. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliangamizwa. Wachimbaji wenyewe hawakuambiwa mawe yao yalikwenda kufanya kazi gani.

Siri hiyo imeacha pengo kubwa. Sehemu ya karatasi za kampuni ilikwenda Ubelgiji, na mwaka wa 1960 mashimo yalizibwa kwa saruji. Habari nyingi zilizobaki hapa kwetu ziko vinywani mwa wafanyakazi wa zamani, wajane na watoto wao. Lakini hao wako wapi? Kampuni ilikuwa imeleta watu wa kazi kutoka Kasai, Maniema na hata Ruanda-Urundi. Kisha katika miaka ya 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga. Wengi walikaa muda mrefu kwenye kituo cha Likasi wakingoja garimoshi. Mwaka wa 2004 kijiji cha wachimbaji wadogo wa Shinkolobwe nacho kilibomolewa, baada ya serikali kukataza uchimbaji na shimo kuanguka na kuua watu.

Kwa hiyo anayeuliza wakaaji wa Likasi peke yao atapata nusu ya habari. Nusu nyingine huenda inasimuliwa Mwene-Ditu au Mbuji-Mayi, na watu wenye uchungu. Kwa maoni yetu hapa ndipo kazi hii inapogusa amani: historia ikiandikwa bila waliofukuzwa, ni kama wamefukuzwa mara ya pili.

Wengine watasema hatuna wataalamu. Mwaka wa 1965 chama cha wafanyakazi wa zamani wa nyumbani kule Elisabethville (leo Lubumbashi) kilitoa historia ya mji wao, iliyotungwa na André Yav, katika Kiswahili chao cha kila siku. Baadaye wanachuo wa nchi za mbali waliisoma na kuichapa. Basi andikeni maneno ya mzee jinsi anavyoyasema, msimsahihishe lugha. Ulizeni juu ya kazi, posho, nyumba za kampi, magonjwa, na nani alikuwa jirani wa nani. Wanawake waulizwe peke yao, maana mbele ya waume mara nyingi hunyamaza. Wazee wawili wakipingana, andikeni yote mawili.

Kadi za kazi na picha zipigwe nakala, kisha zirudishwe siku ileile. Mjane anaweza kuihitaji kadi hiyo kesho kudai haki yake, na wengi wamekwisha kupoteza karatasi njiani.

Jambo moja tunalikataza kabisa: msikusanye mawe ya mgodi kuwa ukumbusho. Mawe yenye urani hutoa mionzi isiyoonekana wala kunuka, pamoja na gesi inayodhuru mapafu ndani ya nyumba iliyofungwa. Vumbi lake likimezwa au kuvutwa ni hatari zaidi, hasa kwa watoto. Anayekuwa nalo jiwe kama hilo asilisage wala asilitupe kisimani. Alitoe mahali wanapolala watu na kuwajulisha wakubwa wa mahali.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

Ni nani katika kambi au mtaa wenu aliyefanya kazi mgodini, au mzazi wake? Ana umri gani sasa?

Ni habari gani watu wanaogopa kuisema mbele ya majirani wa kabila lingine? Nani anaweza kuisikiliza kwanza?

Daftari litakaa kwa nani, na familia iliyo mbali italisomaje?