Kabla Hujapanga Chumba, Kaa na Ndugu Zako

Kijana wa Bujumbura akiwaza kuhama kwao, watu huuliza kama baba atakubali. Mara nyingi uamuzi umeshaanza kwa ndugu. Kaka aliyepanga Kamenge na anayekuja Jumapili ametulia, amewaonyesha wadogo zake kwamba inawezekana. Aliyerudi na godoro lake baada ya miezi michache amewatia woga bila kusema neno.

Basi muulize aliyetangulia, tena kwa undani. Alilipa kodi ya miezi mingapi mbele? Komisyoneri, yaani dalali wa nyumba, alichukua kiasi gani? Umeme wa Regideso alikuwa na mita yake, au waligawana ua mzima? Kutoka Carama hadi mjini, mafuta ya gari yalipokosekana, alifikaje kazini? Bei alizolipa yeye zimeshapitwa na wakati, lakini utapata habari ya matumizi ambayo hukuyawaza. Muulize pia alikopa wapi, maana hilo hatalisema mwenyewe.

Linaloniumiza zaidi ni wadogo wanaobaki. Katika nyumba nyingi za Buyenzi, Kinama au Musaga, kifungua mimba mwenye kazi ndiye anayenunua madaftari ya shule, sabuni na dawa. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliacha watoto wengi wakilelewa na kaka au dada yao, na desturi hiyo ya mkubwa kubeba nyumba haikuisha vita vilipokwisha. Kijana wa namna hii akihama ghafla, anayeacha shule ni mdogo wake. Kaeni pamoja kabla hujatoa pesa ya chumba. Taja kiasi utakachoendelea kuleta kila mwezi, na useme wazi kile usichokiweza tena. Afadhali kidogo kinachofika kila mwezi kuliko ahadi kubwa ya siku ya kuagana.

Kazi za mikono nazo zigawanywe. Kuteka maji, kupika, kumpeleka bibi hospitali: mambo haya humwangukia binti anayefuata, naye hata hajaulizwa. Aulizwe. Kaka zake nao wapewe zamu.

Kwa wasichana kuna shinikizo jingine. Familia nyingi bado zinaona mlango wa binti kutoka nyumbani ni ndoa, na mdogo akitangulia kuolewa, dada yake huanza kusemwa. Dada, usikimbilie mtu kwa sababu hiyo. Sheria ya watu na familia ya 1993 inataka msichana awe na miaka 18 na mvulana 21, na ndoa ifungwe mbele ya afisa wa serikali. Mwaka 2017 serikali iliwapa waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa hadi mwisho wa mwaka wawe wamefunga ndoa ya kisheria. Mkiishi bila ndoa hiyo, siku mkiachana utapata tabu kudai haki ya mke.

Wengine hawaendi mbali: wanajenga anegisi katika kiwanja cha wazazi. Ni njia nzuri ya kukwepa kodi ya chumba, ila ndiyo inayozaa kesi baba akishafariki. Urithi wa ardhi kwetu bado unafuata mila, na dada ndio hupunjwa. Kabla ya tofali la kwanza, andikeni nani anajenga, kwa pesa ya nani, na sehemu hiyo itahesabiwaje siku ya kugawana. Wote watie sahihi, wa kike na wa kiume.

Na ukihamia kwa kaka au dada aliyekwisha kupanga, mwombe akuandike mara moja katika daftari la kaya, lile cahier de ménage, na mkamwone mkuu wa mtaa. Polisi wakipita usiku wakakuta jina lako halimo, mwenye nyumba ndiye wa kwanza kuhojiwa. Nyumbani nako waombe wazazi wafute jina lako katika daftari lao.