Usiondoke Dirishani Kabla Hujaielewa Dawa Yako

Kwa mgonjwa anayetibiwa na kurudi nyumbani, dirisha la dawa ndipo mahali pa mwisho ambapo mtaalamu anaweza kugundua kosa kabla dawa haijamezwa. Foleni ikiwa ndefu, wengi wetu huchukua bahasha na kuondoka mbio. Tafadhali, simama kidogo na uulize. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua kampeni ya kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika. Mgonjwa na anayemuuguza wana sehemu yao katika kazi hiyo.

Sema kabla hujaulizwa

Mweleze daktari au mfamasia dawa zote unazotumia, zikiwemo za miti shamba na ulizojinunulia dukani. Taja kama una mzio wa dawa yoyote, kama ni mjamzito au unanyonyesha, na kama una presha, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo au ini. Diklofenaki, ambayo wengi huinunua kwa maumivu ya mgongo, inaweza kumletea mwenye vidonda vya tumbo kutokwa damu ndani kwa ndani.

Kisha uliza: “Dawa hii ni ya nini?” Swali hilo dogo hukamata makosa makubwa. Metformini ni ya kisukari, metronidazoli ni ya maambukizi, na yakiandikwa kwa mwandiko mbaya majina hayo huchanganywa kirahisi. Ukiambiwa dawa ni ya sukari nawe umekuja kwa ajili ya tumbo, usiipokee mpaka cheti kiangaliwe upya.

Soma bahasha pamoja na mtoa dawa

“1x3” maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Si vidonge vitatu kwa mpigo. Uliza saa zenyewe. Dawa ya kila baada ya saa 8, kwa mfano, unaweza kuimeza saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku.

Dawa ya mseto ya malaria (ALu) ina mpangilio wake. Mtu mzima hupewa vidonge 24 vya kawaida: humeza 4 mara moja, 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imeze pamoja na chakula, na umalize dozi hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Kabla ya kuondoka, rudia maelekezo kwa kinywa chako: “Hiki kimoja asubuhi na jioni baada ya kula, kwa siku tano.” Kama umekosea, utasahihishwa hapo hapo.

Dawa za watoto

Dozi ya mtoto hutegemea uzito wake, kwa hiyo usimpe mdogo dawa aliyoandikiwa kaka yake. Vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia kijiko au bomba la kupimia lenye alama za mililita. Kama ni dawa ya unga ya kuchanganya na maji, uliza maji yafike alama gani na dawa itafaa kwa siku ngapi baada ya kuchanganywa.

Ukilazwa wodini

Muuguzi akija na dawa, taja jina lako kamili. Akikuita “Asha?” usiitikie tu, kwani wodi moja inaweza kuwa na Asha wawili. Kidonge kikibadilika rangi au idadi, uliza kabla ya kumeza. Siku ya kuruhusiwa, uliza ni dawa zipi za zamani uendelee nazo na zipi uache.

Dukani

Nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa. Pakiti ikikatwa, tarehe ya mwisho wa matumizi inaweza kubaki kwenye kipande kingine, omba uonyeshwe. Angalia pia kilichomo: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli, na ukiongeza vidonge vya parasetamoli juu yake unaweza kuzidisha dozi na kuumiza ini. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kutoka dawa zote kwa jumla.

Mambo yakiharibika

Ukiona vipele, uso au midomo kuvimba, au pumzi kubana, acha dawa na uwahi kituo cha afya ukiwa na pakiti yake. Aliyezidisha dozi apelekwe hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu madhara ya parasetamoli kwenye ini huchelewa kuonekana. Mwombe mhudumu atoe taarifa kwa mamlaka ya dawa, ambayo kwa Tanzania ni TMDA. Taarifa yako inaweza kumkinga mgonjwa mwingine atakayepewa dawa hiyo hiyo.