SAFARI ISIYOKWENDA KAMA TULIVYOPANGA

Somo la vikundi vya Biblia vya nyumbani
Soma: Yakobo 4:13–17; Matendo ya Mitume 27:1–44; 2 Wakorintho 1:15–24



Katika somo hili tutaangalia jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa kunung'unika, lakini ni wachache wanaolifungulia Biblia. Jambo lenyewe ni kucheleweshwa safarini. Tunasema hasa habari za safari ya kazi na biashara, ambayo ndani yake kuna fedha za watu, ahadi iliyotolewa, na saa ya kukutana na mtu.

Sisi wa Morogoro ni watu wa njia. Mkulima wa Mgeta hushusha kabichi na viazi vyake kutoka milimani wakati wa masika, huku akiomba gari lisikwame kwenye utelezi. Reli ya Kati ilifika mjini kwetu mwaka 1907. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme nayo yatuchukua hadi Dar es Salaam. Tena wako waumini wetu wanaoendelea kutoka huko kwa ndege, kwenda kutafuta soko Mwanza, Mbeya au ng'ambo.

Lakini njia zikiongezeka, vizuizi haviishi. Tarehe 2 Machi 2020 maji yalikata barabara ya Morogoro na Dodoma pale Kiyegeya, na magari yakakwama pande zote mbili. Mwezi wa Aprili 2010 mlima wa moto ulilipuka huko Aisilandi, nchi iliyo mbali nasi kabisa. Majivu yake yalizuia ndege katika sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa, na maua na mboga za wakulima wa Kenya zikaharibika kwa kukosa ndege ya kuzipeleka sokoni. Mkulima yule wa Naivasha alikuwa amefanya kosa gani? Hakuna. Basi Neno la Mungu latufundisha nini tunapokuwa katika hali kama hiyo?

1. TWAPANGA, LAKINI KESHO SI YETU

Yakobo anawasemesha wafanyabiashara waziwazi. Watu hao wamekwisha kupanga siku ya kuondoka, mji wa kwenda, muda wa kukaa, na faida watakayopata. Tuangalie vizuri kosa lao. Yakobo hakatazi kupanga, wala hakatazi faida. Anachokemea ni majivuno ya mtu asemaye habari za kesho kana kwamba ameifungia kabatini kwake.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa kazi yao. Majahazi ya Arabuni yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na upepo wa kusi. Tajiri aliyechelewa kupakia hadi upepo ukageuka alikaa miezi akiungoja mwingine. Hakuweza kumshtaki upepo kwa mtu yeyote.

Ndege nayo ina mambo yake. Ndege moja hufanya safari nyingi kwa siku moja. Ikichelewa asubuhi katika mji wa kwanza, kuchelewa kule hufuatana nayo hadi jioni. Marubani wana saa zao za kazi zilizowekwa kwa sheria; zikiisha, hawaruhusiwi kuruka hata abiria wakilia. Kiwanja kisicho na taa za njia ya kutulia hakipokei ndege usiku. Tena fundi akiona hitilafu, heri atuweke chini saa tano kuliko kuturusha kwa haraka.

Kwa hiyo kusema "Mungu akipenda" ni lazima, lakini kusiwe kisingizio. Wako watu ambao wakisema "Mungu akipenda nitakuja," wewe unajua kabisa kwamba hawaji. Hilo ni kulitaja bure jina la Mungu. Asemaye neno hilo kwa imani hufunga mizigo mapema, hutangulia siku moja kabla ya miadi, hubeba dawa zake mkononi, kisha humwachia Bwana yaliyobaki.

2. MERIKEBU YA NGANO

Sasa tufungue Matendo sura ya 27. Mara nyingi twasoma habari hii kama safari ya mfungwa. Ndivyo ilivyo, lakini ilikuwa pia safari ya biashara. Merikebu ile ya Iskanderia ilikuwa imepakia ngano, na mji wa Rumi ulitegemea sana ngano ya Misri. Mwenye chombo alikuwamo, naye alikuwa na hasara ya kuogopa.

Tuhesabu vizuizi. Kwanza pepo za mbisho. Kisha kubadili chombo huko Mira. Kisha siku nyingi za kwenda polepole hadi Knido. Walipofika Bandari Nzuri, siku za Kufunga zilikuwa zimepita, maana yake majira mabaya ya bahari yalikuwa yamefika. Paulo akawaonya. Lakini akida Yulio aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Nao wengi wakaona bandari ile haifai kukaa wakati wa baridi. Upepo mwanana wa kusini ukavuma kidogo, wakadhani wamepata walichotaka. Baada ya muda mfupi Eurakilo ikawashukia, na kwa siku kumi na nne wakachukuliwa na bahari.

Hapa pana fundisho kwa mfanyabiashara. Haraka ya faida huweza kumfanya mtu auone upepo kidogo kuwa ndiyo idhini ya Mungu. Dereva anayevuka mto uliofurika kwa sababu nyanya zitaoza anasafiri katika merikebu ile ile.

Tumtazame Paulo sasa. Yeye alikuwa ameonya, hakusikilizwa, na sasa anateseka kwa uamuzi wa watu wengine. Je, alikaa pembeni akisema, "Niliwaambia"? Ni kweli aliwakumbusha mara moja, lakini mara hiyo hiyo akawatia moyo. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, aliwafichua ili wote wapone. Karibu na mapambazuko aliwasihi wale chakula, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akala. Watu 276 wakachangamka. Ndipo ngano ikatupwa baharini. Mali ilipotea na chombo kikavunjika, lakini hakuna mtu aliyepotea. Hata walipofika nchi kavu huko Melita, twamwona mtume akiokota kuni za kuwasha moto, kazi ambayo angeweza kuwaachia wengine.

Tukumbuke pia kwamba kabla ya safari hii Paulo alikuwa amekwisha kuandika kwamba amevunjikiwa jahazi mara tatu (2 Wakorintho 11:25). Kwa hiyo utulivu wake haukuwa wa mtu asiyejua bahari.

3. KUNGOJA SI KUKAA BURE

Kanisa letu katika Afrika Mashariki lina mfano wake. Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Uskoti, alifika Unguja mwaka 1876 pamoja na wamisionari wenzake wa CMS, wakielekea Uganda. Akaugua njiani, akarudishwa pwani. Wenzake wawili walitangulia kufika kwa Kabaka mwaka 1877. Yeye alifika mnamo Novemba 1878, zaidi ya miaka miwili tangu atue Unguja.

Katika muda huo alifanya nini? Alifyeka na kutengeneza njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, zaidi ya kilometa 350, ili wengine wapite. Hakupendezwa na ugonjwa wala na kucheleweshwa. Lakini alipozuiwa kufanya kazi aliyoiendea, alitafuta ile iliyokuwa karibu na mkono wake. Basi nasi tunapokaa saa sita katika kituo cha basi au kiwanja cha ndege, tuulizane: kazi iliyo karibu na mkono wetu ni ipi?

4. MSAFIRI NA WALE WALIOBAKI NYUMBANI

Jambo la mwisho twaliona kuwa ndilo gumu kuliko yote. Miaka michache iliyopita wakulima wa viungo wa upande wa Matombo walituomba tufuatane na wenzao wawili kwenda Mwanza kuonana na mnunuzi, sisi tukiwa wa kuandika hesabu. Nauli ilichangwa na nyumba kumi na tisa. Kwa wengi wao fedha za mdalasini na pilipili manga ndizo zilizokuwa zitoe ada na sare za watoto mwezi wa Januari.

Ndege iliyokuwa iondoke saa nne asubuhi iliahirishwa hadi saa nane, kisha saa kumi na mbili jioni, kisha tukaambiwa turudi kesho. Tukalala vitini. Bwana mmoja alimtukana binti wa kaunta mpaka binti akalia, naye hakuwa ndiye aliyeiharibu ndege. Mama mmoja katika sisi alifungua kikapu chake cha mihogo ya kuchemsha, akamgawia mwanamke aliyekuwa na mtoto mchanga na hana fedha ya chakula cha pale. Siku ya pili tulipofika, mfuko wa sampuli haukuwamo. Ulikuwa umepelekwa mji mwingine. Mnunuzi naye alikuwa amekwisha kupatana na watu wengine. Tukarudi mikono mitupu, na viungo vikauzwa hapa mjini kwa bei ndogo.

Lakini hasara ya fedha haikuuma kama maneno yaliyotungojea. Ilisemwa kwamba tumekula nauli, kwamba safari ilikuwa ya kutembea tu. Tukaita mkutano, tukasoma stakabadhi zote moja moja, hata ya chai, na kila mwanachama akaruhusiwa kuuliza. Wengi waliridhika. Nyumba moja ilijitoa, na mpaka leo haijarudi.

Tuliposoma tena Wakorintho wa Pili tuliona kwamba Paulo alipatwa na neno kama hilo. Alikuwa amekusudia kupita Korintho, akabadili safari, nao wakamdhania kuwa mtu wa kigeugeu, asemaye ndiyo na siyo kwa pamoja. Paulo hakudharau masumbuko yao. Aliwaeleza sababu, akamwita Mungu awe shahidi wake. Kisha akawaelekeza kwa Kristo, ambaye ndani yake ahadi zote za Mungu ni ndiyo. Safari ya mtume iliweza kubadilika. Ahadi ya Bwana wake haikubadilika.

Basi msafiri anawiwa na waliobaki nyumbani: habari mapema, hesabu wazi, na ukweli mtupu bila kuongeza. Nao waliobaki wanawiwa na msafiri: wasikilize kwanza kabla ya kuhukumu. Uaminifu uliovunjika kati ya ndugu ni mzigo usiotafutwa kwenye kaunta yoyote.

MAMBO YA KUSHIKA

(a) Safari yenye fedha za kikundi iombewe na wote, na iandikwe kwenye daftari kabla ya kuondoka.
(b) Sampuli, hati na dawa zikae mkononi mwa msafiri.
(c) Tukicheleweshwa, tuwape habari wanaotungoja siku ile ile.
(d) Tudai haki yetu kwa sauti ya Mkristo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika kikundi chetu "Mungu akipenda" husemwa kwa imani au kwa kisingizio?
2. Kwa nini akida Yulio alimwamini mwenye merikebu kuliko Paulo? Sisi humwamini nani faida ikiwa karibu?
3. Ni nani katika mtaa wetu aliyerudi mikono mitupu, nasi hatujampa nafasi ya kujieleza?

SALA

Ee Bwana, mwenye bahari na anga, uwalinde wote walio safarini leo kwa kazi na biashara. Uwape subira wanaongoja, uangalifu wanaoongoza vyombo, na ukweli wanaorudi bila kitu. Utupe sisi tulio nyumbani moyo wa kuwapokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.