SOMO: SISI WAHA NI NANI, NA TUNAHITAJI NINI?

Mafungu ya kusoma kwanza: Matendo 17:16-31, Mambo ya Walawi 19:31-34, Luka 2:1-5.



Katika somo hili twajitazama wenyewe. Vijana wetu wamefundishwa shuleni habari za Wazulu na za Wamisri wa kale, lakini ukiwauliza habari za Buha hunyamaza. Tena wako wanaoona haya kusema Kiha mbele za watu. Basi na tutazame mambo matatu: maisha yetu, imani ya wazee wetu, na mahitaji yetu ya leo.

1. MAISHA

Nchi ya Buha ni ya vilima, toka Kakonko na Kibondo mpaka Kasulu, Muyama na Manyovu, nayo imepakana na Burundi. Mto Malagarasi huanzia Burundi, huizunguka nchi yetu, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Zamani Buha haikuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na tawala kadhaa, kama Heru, Bushingo, Luguru, Muhambwe na Buyungu, na kila moja ilikuwa na Mwami wake wa ukoo wa Kitutsi. Lakini habari za ardhi zilikuwa mikononi mwa mteko. Huyu ndiye aliyegawa mashamba na kufanya matambiko ya nchi. Mwami alikuwa na ng'ombe, na mtu aliyepewa ng'ombe alipaswa kumtumikia aliyempa.

Wazee wetu walilima, walifuga, walirina asali, na chumvi waliipata Uvinza, ambako watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kila mji ulikaa peke yake kilimani, katikati ya migomba yake.

Mambo mawili yaliyabadili maisha hayo. La kwanza ni kazi ya mkonge. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na baadaye, wakati wa Waingereza, wanaume wetu wengi walichukuliwa kwenda Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wengine walirudi na blanketi na fedha ya mahari. Wengine hawakurudi kabisa, na wake zao walibaki kulima peke yao. La pili ni vijiji. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na kuanzia 1972 watu wa Kigoma walihamishwa toka vilimani wakakaa pamoja kando ya barabara. Shule na zahanati zilikaribia, lakini mashamba yalikuwa mbali, na migomba ya zamani ikaachwa.

2. IMANI YA WAZEE WETU

Wako wanaodhani kwamba wazee wetu hawakumjua Mungu mpaka walipokuja wamisionari. Lakini Imana ni jina tulilolikuta. Tusikilize majina ya watu huku kwetu na kwa jirani zetu Warundi. Habonimana maana yake Imana ndiye aonaye. Hakizimana maana yake Imana ndiye aponyaye. Ntakirutimana maana yake hakuna kipitacho Imana. Majina ya namna hii hayatungwi na watu wasiojua kuwa yuko Mwumba.

Hata hivyo, katika shida za kila siku wazee hawakumwendea Imana. Walimwona kuwa mwema, lakini yu mbali. Wakati wa ugonjwa, utasa au ukame waliiendea mizimu ya wafu wao, au ibada ya Ryangombe iliyoenea Rwanda, Burundi na mpaka kwetu. Na aliyewaambia ni mzimu gani umekasirika alikuwa mpfumu, yaani mpiga ramli.

Paulo alipofika Athene aliikuta madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Hakuwacheka wale watu. Alianzia hapo hapo, akawaonyesha kwamba Mungu huyo hayuko mbali na mtu ye yote. Na sisi hatuna budi kufanya vivyo hivyo. Lile jina Imana tusilitupe, bali tuiache ile njia ya kuzunguka kwa mpfumu, maana njia ya kumwendea imekwisha kufunguliwa katika Kristo.

Hapa ndipo penye jaribu letu. Mama humwita mtoto Hakizimana, akambatiza kwa jina hilo, na siku mtoto akipata homa kali humpeleka kwa mpfumu usiku, watu wasimwone. Malaria haingoji. Zahanati ina kipimo na dawa, na mtoto mdogo aweza kufa kwa siku moja au mbili za kucheleweshwa. Tena mpfumu haponi kitu bila kumtaja mtu. Mara nyingi humtaja bibi mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Toka siku hiyo bibi huyo hana jirani. Sheria ya nchi, tangu 1928, inakataza kumwita mtu mchawi; lakini kabla ya sheria hiyo iko amri ya kutomshuhudia jirani uongo.

Someni tena Walawi 19:31-34. Katika mistari minne yamewekwa mambo matatu pamoja: tusiwaendee wapiga ramli, tumheshimu mwenye mvi, tumpende mgeni. Ukilivunja la kwanza, la pili hufuata upesi. La tatu latuingiza katika mahitaji yetu.

3. MAHITAJI

Sisi tumepokea wageni mara nyingi. Warundi walikimbilia kwetu mwaka 1972, tena 1993, tena 2015. Na Wakongo walipokelewa Nyarugusu tangu 1996. Kuni zilipungua, na pengine palikuwa na magomvi, lakini wengi wetu tuligawana nao chakula na kuabudu nao.

Sasa liko jambo linalotuumiza. Kiha na Kirundi husikilizana, kwa hiyo kijana wetu akifika mjini kutafuta kazi huulizwa kama si Mrundi, naye hana karatasi ya kuonyesha. Tusimjibu mwulizaji kwa kuwatukana Warundi, maana hilo halimsaidii kijana. Dawa ni kuandikisha watoto. Mzazi ana siku 90 tangu mtoto azaliwe. Akichelewa bado yawezekana, ila ni kwa ushahidi zaidi. Cheti cha ubatizo ni mmojawapo wa ushahidi unaopokelewa. Kwa hiyo kitabu cha ubatizo cha mtaa si kitu cha kuachiwa mchwa. Yusufu na Mariamu walitembea safari ndefu, mama akiwa mjamzito, ili waandikwe. Sisi twashindwaje kwenda kwa mtendaji wa kijiji?

Haja nyingine ni ardhi. Watu wameongezeka: hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa mkoa wa Kigoma una watu karibu milioni 2 na nusu. Shamba la babu limegawanywa mara tatu, na mvua huteremsha udongo wa kilimani mpaka bondeni. Tulime kwa matuta yanayokingama mteremko, tupande majani na miti kwenye kingo, na tusichome majani kila kiangazi.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Jina lako la Kiha maana yake nini? Nani alikupa, na kwa sababu gani?
2. Mtoto wa jirani akiugua usiku, nani kati yetu atamsindikiza mama mpaka zahanati, ili asiende penginepo?
3. Je, katika mtaa wetu yuko mzee asiyetembelewa kwa sababu ya maneno ya watu? Nani atamtembelea juma hili?
4. Ni watoto wangapi wa nyumba yako wasio na cheti cha kuzaliwa?

Swali la tatu msilijibu kwa midomo tu.